Choo cha Watu wa Bandari

"Nilikuambia uchimbe choo. Sikukuambia uchimbe historia."

"Na mimi nimekuambia hapa pana ukuta."

"Ukuta si mwenyekiti wa mtaa kwamba tuuombe ruhusa. Piga sururu, endelea chini."

"Huu haupigwi sururu, Mwalimu. Huu unapigwa brashi."

Mwalimu alishika kiuno akalitazama shimo. Mtu mwingine yeyote aliyeanza kuchimba choo siku ile mumewe alipoanza, saa hii angekuwa amezama, unaona koleo tu likirusha udongo. Mumewe alikuwa amepiga magoti humo ndani, na bado mpita njia angeweza kusoma maandishi ya mgongoni mwa fulana yake. Shimo lenyewe lilikuwa la mraba, kuta zimenyooka kama za kabati, limezungushiwa vigingi na kamba. Kamba ilikuwa ya kuanikia nguo. Brashi ilikuwa ya watoto, ya rangi za maji. Na udongo wote uliotoka ulikuwa umechekechwa kwa chungio la unga, ambalo Mwalimu alikuwa amelitafuta jikoni tangu asubuhi huku akimshuku mama mkwe wake.

"Profesa," alisema. Hilo ndilo jina ambalo mtaa ulimpa mumewe tangu alipoacha kusukuma mkokoteni akachukuliwa kibarua na watu wa mambo ya kale, waliokuwa wakifukua magofu ya mji wa bandari mwisho wa barabara. "Profesa, Jumatatu bwana afya anakuja. Haji kuangalia pembe za mraba. Anakuja kuangalia kama watoto wa chekechea yangu wana pa kwenda haja. Asipopaona, anafunga. Akifunga, tutakula huo ukuta."

"Najua."

"Wewe unajua. Magoti yako hayajui."

Choo chao cha awali kilididimia kwenye mvua, sakafu na mlango na kila kitu, kwa bahati bila mtu ndani. Pembe hii ya uani ndiyo pekee iliyobaki ambayo haikuwa karibu na kisima wala haikuwa ndani ya nyumba.

Mumewe alipuliza vumbi kwenye jiwe kwa upole ambao Mwalimu hakukumbuka kuuona hata siku ya harusi. "Nikivunja, sitajua kilikuwa nini. Na hapana mwingine atakayejua."

"Na ukimwita Dokta wako wa magofuni, atanizungushia ule utepe wenu mwekundu na mweupe, hapa pasichimbwe tena mpaka wajukuu wamalize shule."

"Ndiyo maana sijamwita," alisema mumewe, kwa sauti ya mtu aliyemficha mama yake jambo.

Mwalimu alisogea ukingoni. Kisha akauliza, kwa sababu diploma haimwondolei mtu udadisi: "Ni ukuta wa nini?"

Mumewe aliinua uso, na uso ulikuwa umewaka. "Una lipu. Nyeupe, laini. Watu wa kawaida wa enzi ile hawakupaka lipu hivi. Hapa palikuwa na nyumba ya tajiri. Mfanyabiashara. Hiki kwa makadirio yangu ni chumba kidogo cha ndani, cha kuwekea vitu."

"Vitu gani?"

"Shanga. Vyombo vya ng'ambo. Saa nyingine sarafu."

Mwalimu alitazama ua wa jirani, akainama, akashusha sauti. "Sarafu za nini?"

Aliporudi darasani, yaani sebuleni kwake, mwanamke huyu ambaye kwenye vikao vya wazazi huwaonya watu dhidi ya michezo ya bahati nasibu alikuwa ameshajenga vyoo vitatu kichwani, kimoja cha maji ya kuvuta, na alikuwa akibishana na fundi kuhusu rangi ya vigae.

*

Mpaka utajiri huo ufike, familia na chekechea nzima ilikuwa ikitumia choo cha jirani.

Jirani alikuwa mshonaji nguo. Choo chake kilifungwa kwa kufuli, na ufunguo ulining'inia kwenye msumari juu ya cherehani. Kuufikia ilibidi utoke langoni, upite barabarani mbele ya watu na kopo lako mkononi, uingie kibandani, usimame. Jirani alimalizia kwanza mshono. Kisha, bila kuinua macho, aliuliza swali lake.

"Ndogo au kubwa?"

"Nauliza kwa ajili ya maji," aliongeza kila mara, kwa wema.

Bibi, mama yake Profesa, alikuwa amezika mume, amelea watoto, ameuza ng'ombe na kununua kiwanja, na katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumuuliza jambo hilo. Siku ya kwanza kibandani alisimama na fimbo yake mkono mmoja, kopo mkono mwingine, magoti yakimwuma.

"Kubwa," alisema.

Mteja aliyekuwa akipimwa mabega alitazama dari kwa adabu.

Watoto waliletwa kwa mafungu. Wao walijibu kwa uaminifu. Mmoja alisema, "Zote," na kibanda kikacheka, na mtoto naye akacheka, bila kujua kwa nini. Lakini mchana baba yake, dereva wa lori, alimfuata Mwalimu mlangoni akakuna kidevu.

"Mwalimu, sikulaumu. Ila mwanangu ameacha kunywa maji asubuhi. Namwuliza kwa nini, anasema akinywa, mshonaji atamwuliza."

"Nimekuelewa."

"Nimeulizia chekechea ile nyingine, kule kwa yule dada. Nimeulizia tu."

"Umefanya vizuri kuulizia," alisema Mwalimu, na alipofunga mlango alisimama akiitazama diploma yake ukutani, ndani ya fremu. Malezi na makuzi ya mtoto. Alisomea jinsi mtoto anavyojenga kujiamini. Kuna mhadhara mzima juu ya kutomwaibisha mtoto kuhusu haja. Alipata alama ya juu.

"Nimesoma kote huko," alimwambia Bibi, "nimekuja kufanya mazoezi ya vitendo kwenye kopo."

"Wewe una nafuu, mwanangu," alisema Bibi. "Wewe bado unaweza kukimbia."

*

Jumamosi walichimba wote. Mwalimu alivaa gauni la kazi, akapewa brashi na maelekezo, na akagundua kwa hasira kwamba kazi ile ina utamu. Udongo ulitoka kwa tabaka, mweusi, kisha wa majivu, kisha wa mchanga. Vikatoka vigae vya vyungu, ukingo wa bakuli la kijani, mifupa ya samaki. Kila kitu kilipotoka mumewe alikiweka kwenye mfuko wa nailoni wa chumvi, akaandika.

"Kwa mwendo huu," alisema Mwalimu, "bwana afya atanikuta nimestaafu." Lakini hakuacha.

Alasiri walifika sakafuni. Nayo ilikuwa na lipu. Mumewe akaipangusa kwa kitambaa, polepole, na umbo likajitokeza: mawe mawili yaliyoinuka kidogo, yamelala sambamba, na kati yake tundu refu. Pembeni palikuwa na mfereji mwembamba ulioteremka kuelekea kwenye tundu lile lile. Profesa alipochokoa kwa mwiko wake wa kazini, udongo wa kwenye tundu uliporomoka peke yake, na baada ya muda ndipo wakasikia ukitua, mbali chini.

Wote wakainama kutazama.

"Inawezekana," alianza mumewe, "ni mahali pa kusagia."

"Kusagia nini?" aliuliza Bibi kutoka kwenye kigoda chake ukingoni. "Na miguu umeipanua hivyo?"

Mwalimu aliyatazama yale mawe mawili. Aliona upana wake. Aliona yalivyolika kidogo katikati, pale ambapo nyayo za watu zilikaa, miaka na miaka. Akaketi juu ya chungu ya udongo uliochekechwa, akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mbavu, na vyoo vyake vitatu vya kichwani vikaporomoka kimoja baada ya kingine, cha maji ya kuvuta kikiwa cha mwisho.

"Hazina hiyo," alisema alipoweza. "Chumba cha tajiri cha kuwekea vitu. Na kweli aliviweka."

"Mwalimu."

"Dunia nzima watu wanachimba wanapata mafuta. Sisi tumechimba choo, tumepata choo, na hatuwezi kukitumia."

"Kwani kina ubaya gani?" aliuliza Bibi. "Kina kina. Kina pa kukanyaga. Kioshwe, kiezekwe, basi."

"Mama," alisema Profesa, kama mtu aliyesikia tusi, "hiki kina miaka mia saba."

"Kile chetu kilikuwa kipya, kiko wapi?"

Mwalimu alikuwa ameacha kucheka. Alijifuta macho kwa mgongo wa mkono akasimama. "Mama, usichochee," alisema, lakini kichwa chake kilikuwa kimeshaondoka. "Sikiliza, baba watoto. Hatukitumii. Tunakiwekea mabati tu pembeni na juu. Jumatatu bwana afya anaona, anasaini, anaondoka. Jumanne unamwita Dokta, anafunga utepe wake, tunatafuta mahali pengine taratibu."

"Ni kumdanganya mtu wa serikali."

"Tumdanganye nini? Atauliza choo, ataona choo. Hapo kuna uongo gani?"

Profesa hakujibu. Alikwenda kuleta mabati machache aliyookoa kwenye choo cha zamani. Aliyasimamisha kwenye nguzo nje ya ukuta wa kale, akayafunga kwa waya, bila msumari hata mmoja kugusa jiwe. Mwalimu alichukua ukimya ule kuwa ni ndiyo. Mumewe hakuwa ameamua kama ulikuwa ndiyo.

*

Jumatatu watoto walikuwa wakijumlisha. Bwana afya aliingia na mkoba wake, mtu mrefu wa kuinama kila mlango, aliyekuwa amekunywa chai sehemu mbili kabla ya kufika hapo na ambaye hakupenda kufunga shule za watu, ingawa alizifunga. Mwalimu alimwongoza hadi uani. Hapo lango likalia, akaingia mumewe, na nyuma yake Dokta, mwanamke mdogo wa kofia pana, suruali yake imechakaa magotini.

Profesa alikuwa amekwenda kazini alfajiri kwa nia njema ya kunyamaza. Alipanga vifaa. Alipewa mraba wake wa siku ile. Dokta alimpita akasema habari za nyumbani, na mdomo wake ukafunguka wenyewe.

"Nimemwambia," alimwambia mkewe.

"Naona."

Dokta hakuwa dokta wa dawa, jambo ambalo mtaa ulichukua muda kulikubali. Bado walikuwapo waliomletea vikohozi. Alipopita dirishani alisimama. "Watoto wanahesabia nini?"

"Vigae," alisema Mwalimu. "Uani vimejaa. Usiogope, havikati, nimevisugua kwenye saruji kingo zote."

"Umevisugua."

"Kimoja kimoja."

Dokta alifumba macho kwa kitambo. "Hicho cha kijani alichoshika yule wa mbele kilisafiri kutoka Uchina."

"Basi ameshapiga hatua. Sasa yuko kwenye kujumlisha."

Lakini Dokta alikuwa ameshaona mabati. Alisogea, akainua bati la mlango, akapiga magoti. Alipitisha kidole kwenye lipu. Kisha akaanza kuongea kwa kasi, bila kumlenga mtu. Kwamba kwa miaka amefukua kuta, na misikiti, na makaburi, na kuta tena. Kwamba ukuta unakuambia mtu alitaka aonekane vipi. Choo kinakuambia alikula nini, kama alikuwa na minyoo, kama mwaka wa njaa na yeye alishinda njaa. Kwamba kizima namna hii, kimefunikwa, hakuwahi kukipata. Huku akisema hayo akatoa kijiko kirefu na kimfuko, akaingiza mkono kwenye tundu.

"Mwanangu," alisema Bibi kutoka kwenye kigoda, "hapo usitie mkono."

"Usijali, bibi. Ni udongo tu. Umri wake miaka mia saba."

"Wa chini," alisema Bibi. "Wa juu ni wangu."

Kijiko kilibaki hewani.

"Nimeanza jana," Bibi aliendelea, kwa utulivu. "Nimechoka kuulizwa. Nao walijua kujenga wale watu, sitaki kusema uongo. Magoti hayanisumbui kabisa."

Profesa alijifunika uso kwa mikono yote miwili. Mwalimu aliuma mdomo wa chini, kwa sababu kicheko kilikuwa kinakuja na hapakuwa mahali pake. Bwana afya ndiye wa kwanza kupata sauti. Alitoa kalamu.

"Kwa hiyo kinatumika."

"Hakitumiki," alisema Dokta. "Hiki ni mali ya taifa."

"Mali ya taifa imekaliwa, dada yangu."

"Mara moja."

"Tatu," alisema Bibi.

Bwana afya aliingiza kichwa ndani ya mabati, akatazama kwa jicho la kazi. "Sakafu inaosheka. Kina kipo. Maji yana njia. Mimi nina shule zenye walimu wakuu na kamati, na vyoo vyao havifiki hapa. Hiki nakipitisha."

"Hupitishi kitu. Ukigusa hapa utakwenda mahakamani. Sheria inakataza kuchimba kwenye eneo lenye mabaki."

"Na sheria yangu inataka penye watoto pawe na shimo."

"Basi shimo halipo."

"Lipo, naliona, umelipigia magoti."

Mwalimu aliwatazama. Serikali ilikuwa imekuja kwake mara mbili katika asubuhi moja, na ilikuwa ikigombana yenyewe kwa yenyewe juu ya tundu. Ingekuwa ni nyumba ya mtu mwingine, angelipa kiingilio.

Bwana afya aligeuka. "Mwalimu, tusipoteze muda. Hiki ni choo chako, au si chako? Ukisema ni chako, nasaini hapa hapa, huyu dada atakuja kuhojiana na ofisi yetu. Ukisema si chako, basi hapa hakuna choo, na mimi nabandika karatasi mlangoni. Sina la katikati."

Darasani watoto walikuwa wamefika mwisho wa hesabu na kuanza upya bila kuambiwa. Mwalimu alimtazama mumewe. Mume hakuwa akimwomba. Alikuwa akifuta mwiko wake kwenye suruali, upande huu, upande ule, mwiko ambao tayari ulikuwa safi. Akisema ni changu, chekechea inabaki, na mume huyu hataitwa tena kufukua hata shimo la taka, kwa maana kibarua ambaye nyumbani kwake mabaki yamegeuzwa choo hana kazi kwa watu wa mambo ya kale. Atarudi kwenye mkokoteni. Atausukuma, hatalalamika, na hatapuliza vumbi kwenye jiwe tena maishani. Akisema si changu, yule dereva wa lori hatakuwa tena anaulizia tu.

"Si changu," alisema.

Bwana afya alishusha pumzi, akafungua mkoba kutafuta karatasi.

"Ngoja kwanza, sijamaliza. Dokta, si changu, ni chenu. Sawa. Nyie kule mnakokaa, kwenye nyumba ya mradi, mnakwenda haja wapi?"

Dokta alikuwa bado kwenye magoti. "Kuna vyoo."

"Vingapi?"

"Viwili."

"Na kufukua mnamaliza lini?"

"Wiki hii. Kisha nyumba inabaki stoo, mpaka msimu mwingine."

"Stoo ya nini?"

"Ya vigae," alisema Dokta, na papo hapo akasikia alichokisema.

"Yaani vyoo viwili vizima vitakaa kulinda vigae. Na watoto wangu wabane mikojo kwa heshima ya tajiri aliyekufa."

"Mwalimu, ile ni nyumba ya mradi. Kuna utaratibu. Barua inaandikwa, inapita—"

"Na hiki utakichukua lini?"

Dokta alikiangalia kijiko mkononi.

"Utakichukua leo. Hukuniandikia barua. Basi na mimi nachukua kile leo. Siku mtakayonirudishia changu, nitawarudishia chenu."

Dokta alilitazama tundu. Alikuwa mtu mwaminifu, na aliona aibu kwamba moyo wake haukuwa ukifikiria watoto hata kidogo. Ulikuwa ukifikiria mbegu na mifupa ya samaki, na mvua, na bei kubwa ambayo angekuwa tayari kuilipa. Bei hii ilikuwa ndogo.

"Wasiguse masanduku," alisema.

"Hawa wananawa mikono kuliko wanafunzi wako wa chuo."

"Nitampigia mlinzi."

"Umbali gani?" aliuliza bwana afya, kwa kuwa hakupenda mambo yaamuliwe bila yeye.

"Mwisho wa barabara hii, upande huu huu, hakuna kuvuka," alisema Mwalimu.

"Siwezi kusaini kitu nisichokiona."

"Nani kakukataza kukiona? Twende. Na tangu ulipofika unabadilisha mguu, sidhani kama utajuta."

Mwalimu aliingia darasani. "Vigae chini. Simameni. Kila mtu ashike nguo ya mwenzake, na asiivute."

"Mwalimu, mimi sina haja," alisema mmoja.

"Itakuja njiani."

Bibi alitangulia na fimbo yake, maana alisema hatatembea nyuma ya watoto kama mzigo. Walipotoka, Profesa alikuwa ameshaingia shimoni na mwiko.

"Hili tabaka la juu," alimwuliza Dokta bila kumtazama usoni, "niliandikeje?"

"Liandike la kisasa," alisema Dokta. "Na uvae glavu."

Langoni kwenye nyumba ya mradi, mlinzi aliuona mstari ule ukija, akainuka, akatazama simu yake, akautazama tena mstari. "Mwalimu, nimeambiwa, lakini hapa huwa wanaingia wataalamu tu."

"Fungua. Kwa jambo hili, hawa ni wataalamu."

Akafungua. Vyoo vilikuwa nyuma ya nyumba, milango yake ya bluu, nje kuna bomba na sabuni. Mmoja wa milango ulikuwa umezibwa na masanduku mpaka juu, na Mwalimu akamwambia mlinzi ayahamishe, naye akaanza kuyahamisha. Katika ule mwingine Bibi aliingia wa kwanza, akafunga komeo kwa ndani, wala hakuna aliyemwuliza kitu. Mwalimu akageuka awahesabu waliobaki kwenye mstari. Wa mwisho, mkoba kifuani, ameshika kwa adabu ukosi wa mtoto aliye mbele yake, alikuwa bwana afya.